Mzee wa Kachibora na Filamu ya Kisima

Nimeacha kazi mwezi uliopita, na tayari vijana watatu wamenipigia simu kuniuliza jinsi ya kutafsiri filamu ya Kihindi bila kujua Kihindi. Jibu langu ni kwamba haiwezekani, ingawa mimi mwenyewe nilifanya hivyo kwa miaka minne ya kwanza na hakuna aliyekufa. Nimeamua kuandika kwa sababu simu inamaliza chaji, na sikio langu la kushoto, baada ya miaka mingi kando ya spika, limestaafu kabla yangu. Mkija nyumbani kuniuliza swali, kaeni upande wa kulia.

Kwa wale wasionijua, mimi ni Nelima, ila ukumbini naitwa Mama Sinema. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye stuli kando ya skrini, maikrofoni mkononi, na kuwaambia watu kwa Kiswahili yale ambayo watu wa kwenye picha wanasema kwa Kihindi. Nyinyi siku hizi mnajirekodi kwenye kompyuta. Mkikosea mnafuta, mnakunywa soda, mnaanza upya. Sisi tulisema mbele za watu, na neno likishatoka limetoka, ulijue wewe na Mungu wako.

Nilianzia Kitale nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimetoka nyumbani, ng'ambo kidogo ya Bungoma, kwenda kukaa na shangazi yangu, na shangazi hakupenda kuona mtu mzima amekaa. Akanitafutia kazi ya kufagia sinema. Jumatano alasiri kulikuwa na shoo ya akina mama. Mwanzoni walikuja mama wa Kihindi peke yao na watoto wao na vikapu vya chakula, halafu pole pole mama zetu nao wakaanza kuingia. Walipenda nyimbo na nguo, lakini wakifika nje waligombana kuhusu hadithi. Mmoja anasema yule kijana ni mume, mwingine anasema ni kaka, mwingine anaapa ni daktari.

Mwenye sinema alikuwa na mama yake mzazi, mjane, tuliyemwita Mama Savita. Yeye ndiye aliyeniona nimeegemea ufagio nikiwaeleza mama wawili hadithi niliyoibuni mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akasema, "Wewe nadanganya vizuri sana. Sasa mimi nafundisha wewe kusema kweli." Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na changu cha shambani, tukakutana mahali fulani katikati tukaelewana.

Siku yangu ya kwanza kwenye maikrofoni bado inanichoma. Mama Savita alikuwa amenisimulia filamu yote asubuhi, nikaikariri kama mtihani. Shida ni kwamba niliogopa kusahau, kwa hiyo kila kitu nilichokikumbuka nilikitoa haraka. Nikatangaza kifo cha mama yake kijana dakika kumi kabla hajafa. Akina mama wakaanza kulia. Pale kwenye skrini mama wa watu yuko jikoni, mzima kabisa, anasukuma chapati na kumchekea mwanawe. Mama mmoja wa Kachibora akapaza sauti, "Ati amekufa na bado anapika? Si angalau mngempumzisha!" Ukumbi ulicheka mpaka mama wa filamu alipokufa kweli, na hapo hakuna aliyekuwa na machozi ya kumpa.

Mama Savita hakunigombeza. Alinipa sheria tatu, nami nawapa nyinyi bila malipo. Ya kwanza, ngoja mdomo ufungwe ndipo ufungue wako. Ya pili, wimbo usitafsiriwe. "Yeye naimba, wewe nyamaza. Watu iko na masikio." Ya tatu ni kwamba unaweza kufupisha, unaweza kurefusha kidogo kama mtu anapanda ngazi na hakuna maneno, lakini usimwekee mtu mdomoni neno ambalo hakusema. Sheria mbili za kwanza sijawahi kuzivunja tena. Ya tatu ndiyo imenifanya nikae niandike.

Alinifundisha Kihindi kwa miaka tukiwa tumekaa safu ya nyuma na karanga zake. Kila neno alinipa mara tatu, mara ya kwanza likisemwa kwa hasira, halafu kwa upole, halafu na mtu anayejifanya hajali. Alisema kujua neno bila kujua hasira yake ni kujua nusu. Alipokufa nililia safu ile ile, mchana, taa zikiwa zimewashwa, na sikuona aibu.

Kuhusu vifaa sina mengi. Maikrofoni yangu ya kwanza ilikuwa na waya uliolegea, nikaufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na ikadumu kuliko zote zilizokuja baadaye ndani ya maboksi mazuri. Kunyweni maji ya vuguvugu yenye tangawizi, si soda, kwa sababu soda inaleta gesi na gesi haina adabu mbele ya maikrofoni. Kaeni pembeni mahali mnapoona skrini na watu pia. Mfasiri anayetazama skrini peke yake hajui kama amesikika.

Sinema ya Kitale ilifungwa watu walipopata televisheni. Jengo sasa ni kanisa, na nilipoingia siku moja nikakuta viti ni vile vile na watu bado wanalia, ila safari hii wanaelewa lugha. Mimi nikarudi Bungoma, nikapata kazi kwenye ukumbi wa video nyuma ya soko. Tulianza na mabenchi na televisheni moja yenye mgongo mkubwa, tukaishia na projekta na shuka jeupe. Jumamosi saa nane mchana ilikuwa shoo ya filamu za zamani, na wateja wake wakuu walikuwa mama wa sokoni waliofunga meza mapema na kuja na viatu mkononi.

Hatukujua kuita filamu kwa majina yake. Tuliziita kwa kitu kilichokumbukwa. Kulikuwa na ile ya Treni, ile ya Mapacha, ile ya Nyoka, na iliyopendwa kuliko zote, ile ya Kisima. Ni ya zamani sana, saa tatu na robo, nyimbo kumi na moja. Msichana wa tajiri anampenda kijana fundi wa ngoma aliyekutana naye kisimani. Baba anakataa. Msichana anamfuata kijana, baba anamfukuza kwa maneno makali mlangoni, binti anatangatanga mvuani kwa karibu saa nzima, anaugua, na baba anafika akiwa amechelewa. Nimeitafsiri mara nyingi kiasi kwamba mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anaisema usingizini. Mama wa sokoni nao waliijua neno kwa neno, lakini waliendelea kuja, na ukikosea walikusahihisha.

Sasa ndio tufike kwa Wekesa. Huyu alikuwa fundi wetu wa spika, kijana mpole ambaye ukimuuliza hali anajibu kwa kutazama waya. Miaka miwili iliyopita alitumwa kutengeneza vyombo vya kanisa moja huko Moi's Bridge, akarudi amebadilika. Alikuwa anapiga mluzi. Nikamuuliza, akatazama waya. Baada ya mwezi mmoja akaja Jumamosi na msichana anayeitwa Wambui, aliyeuza mbegu na dawa za mifugo huko huko Moi's Bridge, na wakakaa safu ya mbele wakitazama ile ya Kisima kama watu wanaosoma barua yao wenyewe.

Wambui alikuwa anaishi na baba yake Kachibora. Mama yake alikuwa amefariki, ndugu zake wameoa na kuhamia mbali, na mzee, anaitwa Kamau, alikuwa na shamba la mahindi na msimamo. Wazee wa kina Wekesa walitaka kwenda kubisha hodi kwa heshima. Mara ya kwanza mzee akatuma ujumbe kwamba barabara ina matope, wasije. Mara ya pili akasema ng'ombe wake anakaribia kuzaa. Wambui aliniambia ng'ombe huyo hakuwa hata na mimba.

"Anasema ati watu wa Bungoma wako na kelele sana," Wambui alinieleza. "Ati wanapenda kuku kupita kiasi. Mama, nani hapendi kuku?"

"Hiyo ya kuku ni kweli," nikasema. "Lakini si sababu."

Wekesa akatazama waya, halafu kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanitazama mimi. "Wazee wangu wamesema wanaenda mara moja tena. Wiki mbili zijazo. Akiwarudisha, hawaendi tena. Na mimi siwezi kumtorosha msichana wa mtu."

"Hata mimi siwezi kutoroka," Wambui akasema. "Nikimwacha hivyo, atakaa pale na hasira mpaka afe. Mama, Jumamosi anakuja Bungoma kuangalia mashine ya kupukuchua mahindi. Nimemwambia tupitie hapa tutazame filamu. Amekubali haraka, hata nimeshangaa. Tuwekee ya Kisima. Na huyo baba wa filamu, akifika pale mlangoni... si umfanye akubali tu? Mzee akiona mzee mwenzake anakubali, labda itamlainisha."

Nilikataa. Niliwaambia kuhusu Mama Savita na sheria ya tatu, nikawapa hotuba ndefu kuhusu heshima ya kazi. Walinisikiliza vizuri, wakaniaga vizuri, na Wambui akiwa mlangoni akafuta macho kwa mgongo wa mkono akidhani simwoni. Nilijua hapo hapo kwamba hotuba yangu imepotea bure.

Jumamosi ikafika. Mzee Kamau aliingia na kofia, koti, na bahasha ya karatasi za mashine. Alichagua kiti cha katikati, akavua kofia, akaiweka gotini. Nusu ya kwanza nilifanya kazi safi. Mzee hakucheka wala hakukohoa. Nilipomtazama wakati wa nyimbo nilimwona anatikisa kidole kimoja juu ya kofia kufuata ngoma, nikajipa moyo.

Tukafika mlangoni. Baba wa filamu amesimama, sharubu zinatetemeka, anasema yale maneno ambayo kila mama wa sokoni anayajua, kwamba ukivuka kizingiti hiki kwangu umekufa. Mdomo wake ukafungwa. Nikafungua wangu. Nikasema, "Mwanangu, nimekosea. Nenda naye. Mmebarikiwa."

Benchi la nyuma likaamka. "Ati nini?" Mama Nafula wa viazi akauliza kwa sauti. "Wiki iliyopita si alimfukuza?"

"Nyamaza bana, labda amebadilisha mawazo," mwingine akamjibu.

Kisha yule mwigizaji, ambaye hakuwa ameambiwa kuhusu mpango wetu, akaubamiza mlango kwa nguvu mpaka picha ukutani zikaanguka. Ukumbi mzima ukanigeukia. Kwa hofu nikasema kitu cha kwanza kilichonijia, "Anafunga mlango ili wasimwone akilia."

Vijana, sikilizeni hapa, maana hakuna aliyewahi kunionya. Uongo wa sentensi moja nilitakiwa kuubeba kwa saa nzima iliyobaki. Msichana anatangatanga mvuani bila viatu, analia, na mimi sina sababu. Kama baba amembariki, analia nini? Nikasema amesahau kitu nyumbani. Akapita daraja akilia, nikasema anakumbuka utoto wake. Akaanguka kwa homa, nikasema ni ile mvua. Mama Nafula akasema hata yeye anaona ni mvua, lakini kwa nini asirudi kwa baba aliyembariki akapate blanketi? Nyimbo ndizo ziliniokoa, nikamshukuru Mama Savita kwa sheria ya pili huku nikimwomba radhi kwa ya tatu. Baba alipofika akichelewa na kupiga magoti, nilikuwa nimelowa jasho, nikasema amekuja kuwatembelea.

Watu wakatoka wakininong'onea kwamba labda niende nikapimwe presha. Wambui na Wekesa wakatoka nje haraka kwa visingizio vya waya. Mzee Kamau hakuinuka. Nilipoanza kukunja waya wa maikrofoni, akasema kutoka kitini kwake, kwa Kihindi kilichonyooka, "Huyo mzee hakusema hivyo."

Nilikaa chini kwenye stuli yangu.

Akarudi kwenye Kiswahili. "Nilipika kwa Wahindi Kitale miaka kumi na moja, kabla nipate shamba. Jumapili walikuwa wananipeleka sinema na watoto. Hii filamu nimeiona wewe ukiwa bado shule. Amesema kwangu umekufa. Wewe umesema nini?"

"Nimekosea, mzee," nikasema.

"Hukukosea. Umedanganya. Mtu akikosea hatoki jasho hivyo." Akaivaa kofia, akaivua tena. "Nilikuwa natarajia kutazama filamu, nikatazama wewe. Ile ya kusahau kitu nyumbani nusura nicheke. Ni wao walikutuma?"

Nilitazama waya kama Wekesa, na hilo likamtosha. Nilijiona nimewaharibia watoto wale kila kitu. Mtu aliyekuwa anakataa kwa upole, kwa matope na ng'ombe, sasa nilikuwa nimempa sababu ya kweli ya kukasirika, na wiki mbili zilikuwa zimebaki. Nikamwambia wao hawakumaanisha ubaya, kwamba kama ni kulaumu anilaumu mimi mtu mzima, na kwamba wazee wa Wekesa wakirudishwa safari hii hawatakuja tena.

"Hiyo najua," akasema. Akaelekeza kofia kwenye shuka jeupe. "Hapo aliposhika mlango. Ulisema anafunga wasimwone akilia. Hiyo ulitoa wapi?"

"Sikuitoa mahali. Nilikuwa nimeshikwa."

"Mm," akasema. Akachukua bahasha yake ya mashine akatoka, na sikujua kama ameenda na hasira au na kitu kingine. Kwa wiki mbili sikulala vizuri. Wambui alinipigia simu kusema baba yake hasemi neno, anatazama mahindi tu.

Wazee wa Wekesa wakaenda Kachibora siku waliyopanga, watu saba, na mimi wa nane, kwa sababu mzee Kamau alikuwa ametuma ujumbe mmoja tu, kwamba yule mama wa sinema awepo. Nilidhani naitwa kushtakiwa mbele ya watu. Nilivaa nguo yangu ya kanisani kabisa.

Hakukuwa na matope. Tulikaribishwa, tukapewa chai na chakula, na kulikuwa na kuku, wengi, hata mjomba mmoja wa Wekesa akaninong'oneza, "Huyu mzee anatujaribu." Dada zake mzee walikaa upande mmoja, sisi na Wekesa upande wa pili, na Wambui kwenye kiti karibu na mlango akishika kikombe kitupu. Msemaji wetu akaeleza tulichokuja kutafuta. Halafu wote tukamtazama mwenye nyumba.

Mzee Kamau akasimama. Akafungua mdomo, akaufunga. Akajaribu Kikikuyu, maneno mawili, akaacha. Akajaribu Kiswahili, akaacha. Dada yake akamwambia akae kwanza anywe maji, akakataa kwa mkono. Kisha akageuka akanitazama mimi na kuanza kusema kwa Kihindi. Watu wakatazamana. Mwanzoni hata mimi sikuelewa anataka nini, mpaka akanyamaza, akafunga mdomo na kusubiri.

Nikasimama. Hakuna mtu mwingine pale nyumbani aliyejua neno lake hata moja, na nilitambua kwamba ningeweza kusema chochote ninachotaka.

Nikasema, "Anasema: nilisema ni kabila, nilisema ni kelele. Haikuwa hivyo."

Akaendelea, na mimi nikamfuata, sentensi kwa sentensi. Niliacha kusema anasema, nikasema mimi, kama tunavyofanya kwenye kazi. "Mama yake alipokufa, huyu mtoto alikuwa darasa la sita. Ndiye aliyejifunza kupika, ingawa mpishi nilikuwa mimi, kwa sababu mimi sikuweza kuingia jikoni. Asubuhi ananiuliza kama nimekunywa dawa. Jioni naskia kiatu chake kwenye uwanja. Nimejaribu kufikiria hii nyumba bila hicho kiatu, nimeshindwa. Ndiyo maana nilisema matope." Hapo sauti yake ilikatika, nami nikasubiri mdomo wake ufungwe. Akamalizia maneno machache, nami nikayasema. "Huyu kijana ni mzuri. Namwona hataki kumwiba. Nampa mtoto wangu, lakini mwambieni mtoto awe anakuja, nami nimuulize yeye pia kama amekunywa dawa."

Wambui alikuwa ameweka kikombe chini. Alivuka chumba akasimama mbele ya baba yake, na yule mzee, mbele ya dada zake wote na wazee saba wa Bungoma, alilia bila kujificha. Wekesa alitafuta waya wa kutazama, hakuupata, akalia naye.

Mzee alipojifuta uso, alinigeukia na kuniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mama, umeongeza kitu?"

"Hapana, mzee," nikamwambia. "Hiyo yote ni yako."